TGO 58, TGP 94: je, maini yangu yameoza?

“Munganga, salamu kutoka Bagira, hapa Bukavu. Mimi ni mwalimu, nina miaka 43, baba wa watoto watatu, na mama watoto ana mimba ya miezi sita. Tangu nipone malaria mwezi uliopita nasikia uchovu usioisha. Nikaenda labo Jumatatu asubuhi. Karatasi inasema: TGO 58, TGP 94, gama-GT 71. Bilirubini na fosfataza alkalini hazina shida. Plaketi 212 000. Nina kilo 88, urefu mita 1.68. Bia nakunywa Ijumaa na Jumamosi tu, chupa mbili tatu kila siku. Jumapili nacheza mpira na veterani. Kijana wa labo ameniambia maini yameanza kuoza, na jirani ananiuzia chai ya kusafisha maini, dola 35 kwa mwezi. Niinunue? Na je, nitapona?”

Mwalimu, salamu nyingi. Hizo dola 35 zifunge kwanza kwenye kitambaa. Kuna vipimo viwili vitatu vinavyozihitaji kuliko jirani yako, nitavitaja.

Kijana wa labo amekosea kukupa neno “kuoza”. Hakuna mashine inayopima kuoza. TGO na TGP ni majina ya zamani ambayo labo zetu hazitaki kuyaacha. Nyingine huandika ASAT na ALAT, ni vitu vilevile. Ni vimeng'enya, protini zinazofanya kazi ndani ya seli za ini, kuhamisha vipande vya asidi amino kutoka hapa kwenda pale. Ndani ya damu hazina kazi yoyote. Tukizikuta huko kwa wingi, maana yake ni moja: seli zimechubuka, zimevuja.

Wewe unapafahamu Kadutu. Fikiria umepita mbele ya depo ya maharagi alfajiri, ukakuta punje zimetapakaa barabarani. Unajua kuna magunia yametoboka. Lakini hata ukizihesabu zote, moja moja, hutajua mwenye depo amebakiwa na magunia mangapi ndani. Na depo iliyokaribia kuisha haimwagi kitu. Ndiyo maana napokea watu wenye ini lililojaa makovu, tumbo limevimba maji, na TGP yao ni 35, safi kabisa kwenye karatasi. Hao ndio wananinyima usingizi.

Magunia yaliyobaki tunayahesabu kwa vitu vingine: bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huitoa kwenye damu), albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), ile TP inayoonyesha kama damu bado inaganda vizuri (ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha), na plaketi. Plaketi, chembe ndogo za damu zinazosaidia kuganda, watu huzisahau, lakini zinasema mengi. Ini likijaa makovu, damu inakosa njia, inarudi nyuma, bandama inavimba na kuanza kuzishika plaketi. Zikishuka chini ya 150 000 bila sababu nyingine, naanza kushuku. Wewe una 212 000 na bilirubini iko sawa. Depo yako ina mali. Kilichopo ni magunia yanayotoboka, na lazima tujue ni panya gani.

Kabla ya panya, tuitazame hiyo Jumatatu. TGO haikai kwenye ini peke yake. Imo kwenye misuli, kwenye moyo, hata ndani ya chembe nyekundu za damu. Mtu wa miaka 43 aliyekimbizana na mpira Jumapili jioni, kisha akatolewa damu Jumatatu asubuhi, anaweza kuonekana na TGO iliyopanda kwa sababu ya mapaja yake. Vilevile damu ikinyonywa kwa nguvu na sindano nyembamba, au tubu ikitikiswa juu ya pikipiki kutoka kituo kimoja hadi kingine, chembe nyekundu hupasuka na TGO hupanda ndani ya tubu, mgonjwa hana habari. Kwa upande wako TGP ndiyo iliyo juu zaidi, na TGP hutoka kwenye ini hasa. Kwa hiyo mpira haukuleta shida yote, umeongeza chumvi kidogo.

Je, 94 ni nyingi? Labo yako imeandika mwisho ni 40. OMS, lile Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024 wa hepatite B (ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi), imeshusha mpaka hadi 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Mama mwenye TGP 34 ataambiwa na labo kwamba ni mzima, na mimi nitamwambia turudie. Wewe, kwa mpaka wowote ule, umepita. Umepita kwa wastani. Namba zinazonifanya nipige simu usiku ni zile za elfu moja, elfu tatu: hepatite kali iliyoanza juzi, sumu ya parasetamoli, ini lililokosa damu kwa mtu aliyezimia. Namba kama yako inasema kitu kinasugua ini polepole, pengine kwa miaka.

Sasa panya. Ningeanza na hepatite B, na nashangaa kwamba karatasi yako haina AgHBs, kipimo kinachoonyesha kama una virusi vyake. Kwetu huku kipimo hicho kingepaswa kufanywa kabla ya hivi vya bei kubwa. Ni tone la damu ya kidole na dakika ishirini hivi. Virusi hivi hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa wembe wa kinyozi asiyesafisha, kwa sindano iliyotumika mara mbili, kwa kuchanjwa na mganga wa kienyeji anayetumia kiwembe kimoja kwa ukoo mzima. Lakini njia kubwa kuliko zote ni mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa, na mtoto kwenda kwa mtoto katika miaka ya kwanza. Hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu: mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 virusi vinabaki naye maisha, mtu mzima akiambukizwa, mara 19 kati ya 20 au zaidi mwili wake unavifukuza wenyewe. Kwa hiyo mtu wa miaka 43 mwenye AgHBs anaweza kuwa aliipata akiwa hajaota meno, na miaka yote hiyo hakuumwa siku moja. Nakusihi usiifanye kuwa kesi ya ndoa. Nimeona nyumba zikivunjika kwa karatasi ya AgHBs, mume akimshitaki mke, na kumbe kila mmoja alikuja nayo kutoka kwao.

Sahani, kikombe, kusalimiana, kulala kitanda kimoja na mtoto, hayo hayaambukizi. Nasema hivi kwa kuwa bado tunao watu wanaotengewa bakuli.

Mama watoto naye apimwe, na asisubiri majibu yako. Mimba ya miezi sita ni wakati mzuri kabisa. Akikutwa nayo, kuna dawa ya tenofovir ambayo mama anaweza kuanza kabla ya kujifungua ili virusi vipungue ndani ya damu yake. Mahali ambapo haiwezekani kupima wingi wa virusi, OMS sasa inakubali mama wote wenye AgHBs wapewe. Halafu mtoto anapaswa kupata chanjo ya hepatite B ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Chanjo ya pentavalenti, ile ya wiki 6, 10 na 14, ina hepatite B ndani yake, lakini kwa mtoto wa mama mwenye virusi wiki sita ni kuchelewa. Ulizeni leo, kwenye kituo mtakachojifungulia, kama hiyo dozi ya siku ya kwanza ipo kwenye friji yao. Kama haipo mna miezi mitatu ya kuitafuta. Usiku wa uchungu siyo wakati wa kutafuta chanjo.

Na wewe ukikutwa nayo? Hapo nitakushirikisha hesabu ndogo, wewe ni mwalimu, hutaogopa. Chukua TGO yako, igawe kwa mpaka wa labo: 58 kwa 40 ni 1.45. Zidisha kwa 100, gawanya kwa plaketi kwa maelfu, 212. Unapata karibu 0.68. Hesabu hii inaitwa APRI, inakisia makovu. Kwa mwenye hepatite B, ikizidi 0.5 OMS inasema tuzungumze matibabu. Hesabu nyingine, FIB-4, inaingiza umri: 43 mara 58, ugawanye kwa 212 mara kipeuo cha pili cha 94. Inatoka 1.21, na chini ya 1.3 tunahesabu kwamba makovu makubwa hayapo. Moja inakutia wasiwasi, nyingine inakutuliza. Unaona kwa nini sipendi mtu mmoja aisome karatasi moja na kutoa hukumu? Hasa kwa kuwa TGO yenyewe imeguswa na mpira wa Jumapili. Tutarudia hesabu zote mbili na damu iliyotulia. Kama matibabu yatahitajika ni kidonge kimoja kwa siku, hicho hicho cha tenofovir, na kinatumiwa kwa miaka mingi. Sharti moja ambalo baadhi ya wenzangu hulisahau: upimwe kwanza VIH (virusi vya ukimwi). Tenofovir ni dawa ya VIH pia, na ukiwa navyo virusi hivyo bila kujua, kuimeza peke yake ni kuvifundisha kuizoea. Hepatite C nayo ipimwe siku hiyo hiyo; habari njema ni kwamba siku hizi inapona kabisa, wengi kwa vidonge vya wiki 12.

Kama AgHBs ni safi, jicho langu linahamia tumboni, na hapa sitakuficha. Kilo 88 kwa mita 1.68 ni kiasi cha 31 kwa kipimo cha uzito na urefu; kuanzia 30 tunaita unene wa kupita. Kwetu Bukavu kitambi ni heshima, baba asiye nacho watu wanauliza kama mke anampikia. Lakini mafuta hayo hayakai chini ya ngozi tu, yanaingia ndani ya ini, seli zinajaa kama mandazi yaliyolala kwenye mafuta, zinawaka moto kidogo kidogo. TGP juu kuliko TGO, gama-GT (kimeng'enya kingine cha ini) imepanda, bilirubini sawa: picha hiyo naiona kila wiki kwa walimu, wachungaji, mapolisi, madereva. Omba ekografi ya tumbo. Inaonyesha ini linalong'aa kwa mafuta, na bandama kama imevimba. Na pima sukari ukiwa hujala, maana haya mawili hutembea pamoja.

Dawa yake ni kupunguza kilo. Tano kwa mia ya uzito inatosha kupunguza mafuta. Saba hadi kumi kwa mia inatuliza ule moto. Kwako ni kilo sita hadi tisa, kwa miezi sita au zaidi, polepole. Usishinde njaa wiki nzima; kupungua kwa ghafla kunaumiza ini lenyewe. Sitakuambia uache bugali, hutanisikiliza. Punguza donge liwe nusu, ongeza mboga, lengalenga na sombe isiyoogelea kwenye mawese, samaki sambaza kula, maharagi kula. Kitu cha kuacha kabisa ni sukre, yaani soda. Chupa moja ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, na sukari ya kunywa ini huigeuza mafuta kwa urahisi kuliko ya kutafuna. Nawajua watu waliotii munganga wakaacha bia, wakahamia sukre tatu kwa siku, na TGP ikapanda.

Kuhusu bia. “Chupa mbili tatu” masikioni mwa munganga ni tatu, utanisamehe. Chupa yetu kubwa ni sentilita 72, kilevi asilimia 5, ndani yake kuna kiasi cha gramu 29 za alkoholi tupu. Tatu Ijumaa, tatu Jumamosi: zaidi ya gramu 170 kwa wiki. Uingereza wanawashauri watu wao wasipite uniti 14 kwa wiki, ambazo ni gramu 112, tena zigawanywe siku kadhaa. Umepita, ingawa unajiona mnywaji wa wikendi tu. Ini lililoharibiwa na pombe kwa kawaida hutoa TGO mara mbili ya TGP, na yako ni kinyume, kwa hiyo siiweki bia mbele ya foleni. Lakini juu ya ini lenye mafuta, au lenye hepatite B, kila chupa inahesabiwa mara mbili. Acha kabisa kwa miezi mitatu, iwe sehemu ya kipimo: gama-GT ikishuka sana tutajua ilikuwa inasema nini. Kasiksi na kanyanga ni pombe vilevile. Kanyanga zaidi, hakuna ajuaye nguvu yake, hata aliyeipika.

Uliumwa malaria. Malaria yenyewe hupandisha namba hizi, na huchukua wiki kadhaa kutulia. Angalia pia ulimeza nini. Kama ulipewa artesunate pamoja na amodiakini, ile ASAQ, amodiakini mara chache huumiza ini, hasa kwa wanaoirudia kila wanaposikia baridi bila kupima. Parasetamoli ni dawa nzuri, wala usiiogope; mtu mzima asipite vidonge nane vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye kunywa pombe sana au aliyekonda asifike hapo, vinne vinamtosha. Shida ni kwamba imo pia kwenye siropu za mafua na vidonge vya rangi rangi vya maumivu, mtu anameza mara tatu bila kujua. Anayetumia dawa za kifua kikuu (wewe hukusema, lakini msomaji mwingine yuko hapa) asiziache peke yake kwa kuona TGP imepanda. Munganga huzisimamisha TGP ikipita mara tatu ya mpaka na mgonjwa akiwa na dalili kama kichefuchefu au macho ya njano, au ikipita mara tano hata bila dalili.

Sasa chai ya jirani. Ini halisafishwi, lenyewe ndilo linalosafisha, na kila unachokinywa lazima lipitie na kukivunja. Tayari lina kazi inayolichosha, halafu unalipelekea majani usiyoyajua jina, yaliyosagwa na mtu usiyemjua, kwa kipimo ambacho hakuna aliyekipima. Sisemi mimea yote ni sumu. Mama yangu alitunywesha mubirizi na nipo. Ila aloe vera ya kunywa imeleta hepatite kwa baadhi ya watu, na vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa vimefanya hivyo pia, na hivyo vinauzwa kwenye makopo mazuri yenye vyeti. Mgonjwa wa namna hiyo anakuja macho ni manjano kama yai na TGP ya mamia, na nikimuuliza anatumia dawa gani, anajibu “hakuna”. Chai hahesabu kuwa ni dawa. Vile vidonge vya duka la dawa vinavyoitwa vya kulinda ini havina madhara makubwa. Faida yao pia siioni, ni pesa zinazopita.

Ukitaka kinywaji cha ini, kunywa kahawa. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba wanaokunywa vikombe viwili vitatu kwa siku hupata makovu ya ini kidogo kuliko wasiokunywa. Inalimwa hapa hapa, Idjwi, Kalehe, Kabare. Tunaisafirisha kwenda Ulaya, sisi tunabaki na chai ya vijiko vinne vya sukari. Bila sukari, tafadhali.

Kuna jambo la jikoni ambalo watu hawalihusishi na ini. Mahindi na karanga vilivyohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa aflatoksini. Kuipika hakuiondoi. Kenya mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliwaangusha watu 317, wakafa 125, kwa ini lililokufa ghafla. Kidogo kidogo, kwa miaka, huleta kansa ya ini, na kwa mwenye hepatite B hatari hiyo huzidishwa mara nyingi. Mvua zetu mnazijua. Karanga iliyokunjamana, yenye rangi ya kijani au chungu mdomoni, itupwe. Asipewe kuku, asipewe mtoto wa jirani.

Usisubiri wala kuniandikia tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ikiwa macho yatageuka njano, mkojo ukawa mweusi kama chai iliyolala, ukatapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, tumbo likavimba, au watu wa nyumbani wakaona unasahau mambo na kusinzia mchana. Uchovu wako peke yake haumo katika orodha hii. Baada ya malaria, pamoja na watoto watatu na mshahara wa mwalimu, una sababu nyingine za kuchoka.

Kwa hiyo wiki hii: AgHBs, hepatite C na VIH kwako, AgHBs kwa mama watoto, na sukari. Wote mkikutwa safi, mkachanjwe ninyi wawili, dozi tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Ekografi pesa zikipatikana. TGO, TGP, gama-GT, plaketi, albumini na TP baada ya wiki sita hadi nane, bila bia, kwenye labo ile ile ili tulinganishe. Kula asubuhi hakuharibu vipimo hivi vya ini, njaa utaihitaji kwa sukari tu. Na safari hii nenda Alhamisi, uwaambie veterani watafute beki mwingine Jumapili iliyotangulia.